Ulichoniuliza kuhusu Krapf

Mwanangu,

Salamu zako zimefika. Mamako anakuitikia, na analalamika simu zako zimekuwa haba.

Unasema Jumapili utawafundisha watoto historia ya kanisa, nawe wataka kujua nani aliyeuleta Ukristo Mombasa, Wareno ama Krapf, yule mmisionari Mjerumani. Wareno walitangulia, hilo halina ubishi. Hata sultani wetu, Yusuf bin Hasan, walimbatiza kule Goa wakamwita Dom Jerónimo. Mwaka 1631 akawageuka, akamuua kapteni wao ndani ya Fort Jesus, na Wakristo waliokataa kuikana imani wakauawa. Krapf alifika 1844, na mwaka huohuo akamzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga. Ukitaka miaka tu, hiyo yatosha.

Lakini mimi husema, na nitasema tena, kanisa la Pwani lilibebwa na watu waliotolewa utumwani. Mwangalie William Jones. Aliuzwa angali mtoto, akaokolewa, akasomeshwa na misheni kule Nasik, Bara Hindi, akaja Rabai, kituo cha misheni karibu na Mombasa, kufundisha hata kabla ya Frere Town, kijiji cha watumwa waliokombolewa, kuwapo. Mwaka 1885 Askofu Hannington akawapa ushemasi yeye na Ishmael Semler. Kisha askofu na Jones wakafunga safari ya Uganda pamoja. Walipofika kwa Mumia, mtawala wa Wanga, askofu akamwacha Jones pale na sehemu kubwa ya msafara, akatangulia na watu wachache, na mwezi wa Oktoba akauawa Busoga. Jones alingoja na wapagazi wake mpaka habari zikamfikia. Akawarudisha Rabai kwa miguu, mbele yao bendera ya buluu imeandikwa Ikabodi, neno la Biblia la kusema utukufu umeondoka. Hannington kila mtu anamjua. Na huyu aliyewafikisha watu makwao?

Wajua kwa nini nachemka. Siku ya posa ya shangazi yako ulikuwa mdogo, umelala chumba cha nyuma pale Kengeleni. Mzee mmoja wa upande wa pili, kikombe cha kahawa mkononi, akauliza, "Nyinyi hasa kabila gani?" Alijua vizuri sana. Alitaka tulitamke wenyewe kwamba sisi ni wana wa mateka, mbele ya wageni. Mimi nilishikwa na hasira mpaka mikono ikatetemeka. Nyanya yako akainuka na birika, akamjazia kikombe mpaka juu, akamwambia taratibu, "Babu yako alifundishwa kusoma na babu yangu, chini ya mwembe, Rabai. Hakumuuliza kabila." Yule mzee akainywa kahawa yote bila neno. Hadi leo nikiikumbuka ile birika nasikia raha.

Huenda namwonea Krapf. Mtu aliyezika mke na mtoto, kisha akapanda Rabai, akakaa na watu na kujifunza lugha zao, si wa kupitwa hivi hivi. Na bila misheni, Jones angesomea wapi? Hayo nayakubali. Ila hata huko Rabai, wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, mgonjwa kiwete aliyekuwa karibu na kufa, na sijasikia mahubiri yakimtaja. Semler je? Twawajua waliokuja na meli, waliopokea na kusambaza twawaacha. Tena waliowasomesha wenyeji wa huku bara kwa miaka mingi walikuwa hao hao wa Frere Town, tunaoulizwa makabila yetu.

Basi nani aliuleta? Darasa ni lako, sitakuamulia, ingawa ulimi wawasha. Ila nakuomba Jones umtaje kwa jina lake lote, na usiipite ile safari ya kurudi.

Mamako anaitafuta ile picha ya babu wa nyanya yako na wanafunzi wake. Ikipatikana itakuja na basi la Ijumaa usiku. Usimwachie mtu aondoke nayo, hatuna nyingine.

Babako