Elfu Hamsini kwa Mtoto

Swali lenu la wiki iliyopita lilikuwa hili: katika katuni za maharamia za Kijapani, adui yupi ana nguvu na mvuto kuliko wote, na kwa nini? Nililinakili kwa kalamu ya wino mzito kwenye kipande cha boksi, nikakiegemeza mlangoni pa kibanda changu hapa Busia, upande wa Uganda. Kazi yangu ni kuweka muvi kwenye flashi na simu za watu, kuchaji simu, kuuza kava na chaja. (Ndiyo, najua. Mtu anayeuza maharamia bila idhini ya mwenye mali, yeye mwenyewe aitweje? Tupite.)

Nilidhani nitapata majibu mawili matatu ya kuchekesha. Kufika saa kumi jioni nilikuwa na watu saba mlangoni wanazozana, na simu moja iliyojaa chaji tangu saa saba haichukuliwi, maana mwenyewe yumo kwenye ubishi.

Hapa kwetu ukitaja maharamia wa Kijapani umetaja One Piece ya Eiichiro Oda, hadithi ya Luffy, kijana haramia mwenye mwili wa mpira. Nyingine zipo, ila haziulizwi. Ilianza kutoka gazetini kule Japani Julai 1997, ikawa anime, yaani katuni ya kutazama, Oktoba 1999, na mpaka leo haijafika mwisho. Nina wateja ambao mama zao walikuwa bado shuleni ilipoanza. Na tangu 2023, ilipotolewa ya waigizaji wa kweli, wanakuja hata watu wazima waliokuwa wakiniambia katuni ni mambo ya watoto.

Vijana wa steji ya boda wote ni wa Kaido. Hoja yao ni ya hesabu: bei ya kichwa chake, yaani zawadi ya atakayemkamata, ni beri 4,611,100,000 (beri ndizo pesa za humo). Anageuka joka. Wamemnyonga, wamemkata, kifo kimemkataa. Alijirusha mwenyewe kutoka kisiwa cha angani, akatua, akalalamika kwamba kichwa kinamuuma. "Huyo utampiga na nini?" wananiuliza, kana kwamba ni mimi nimepangiwa kupigana naye kesho.

Mimi huwa nawarudishia swali: sawa, lakini mnamwogopa? Hapo wanatazamana. Kaido ukimwona unasema "lo!", halafu unaendelea kula rolex yako, chapati ya mayai. Kinachoniumiza katika habari zake si lile joka, ni kile kijiji cha Ebisu, ambako maskini walikula makombo ya matunda bandia yaliyotengenezewa jeshi lake, na tangu siku ile hawawezi kulia. Mzee wao anauawa hadharani, binti yake mdogo anatazama, naye anacheka, maana uso wake umebakiwa na kicheko tu. Pale nilisimamisha video nikatoka nje kununua maji. Lakini angalieni vizuri: hata aliyefyatua bunduki pale si Kaido, ni mwingine.

Jirani yangu, fundi wa simu, ni mtu wa Blackbeard. Huyu alikaa kwenye meli ya haramia mkuu Whitebeard miaka na miaka, cheo hataki, anakula na kucheka na wenzake, kumbe anangoja tunda moja tu la shetani, yale yanayompa mlaji nguvu za ajabu. Siku mwenzake alipolipata, akamuua, akalichukua, akatoroka. Vijana wa boda walimcheka fundi: Blackbeard huyo anayelia akipigwa, anayeomba msamaha, mwenye pengo! Fundi hakuinua hata macho kutoka kwenye simu aliyokuwa anaifungua. "Joka sijawahi kukutana nalo," akasema. "Huyu nimewahi kumwajiri."

Nilikaribia kumpa ushindi hapo hapo.

Dereva mmoja wa lori anayepeleka mahindi Karamoja alimtetea Crocodile, na alitetea vizuri kuliko nilivyotegemea. Kwamba yule bwana wa mchanga hakuwa mkubwa kwa ngumi. Alikuwa mkubwa kwa sababu aliiba mvua. Katika nchi ya Alabasta miaka mitatu mvua haikunyesha isipokuwa katika mji mkuu wa mfalme, kwa ile poda inayovuta mawingu kutoka kwa jirani, na wananchi wakaamini mwizi ni mfalme wao, huku Crocodile wakimshangilia kama mlinzi wa nchi. Dereva alisema amepita barabara za Moroto wakati wa kiangazi, akaona watu wanavyoitazama mbingu, na kwamba mtu wa kuwaibia hao mvua hahitaji bei ya kichwa. (Crocodile alikuwa wa milioni 81 tu. Kwa jina lakini mamba wetu wanamshinda. Yule wa Ziwa Victoria aliyekamatwa mwaka 2005, waliyempa jina la Osama, anasemekana kula watu zaidi ya 80, na hakuwa na hata ndoano ya dhahabu mkononi.)

Na mtoto wa jirani, miaka tisa, anamtaka Enel, mungu wa radi, kwa sababu ya ile sura aliyoitoa alipogundua kwamba radi haipiti kwenye mpira. Kura yake nimeihesabu. Ile sura ni nzuri kweli.

Sasa kura yangu. Nampa Arlong, na najua mtacheka. Bei ya kichwa chake ilikuwa milioni 20. Kaido peke yake angeweza kulipia zaidi ya Arlong 230 na chenji ikabaki. Luffy anampiga mapema kabisa, kabla hata ya kuingia kwenye ile bahari kubwa. Baadaye wanakuja maadui wanaomfanya Arlong aonekane kama mgambo wa soko. Yote nakubali.

Ila nisimulie kilichotokea Jumatano, boksi likiwa bado mlangoni.

Kuna mama mmoja anayeleta mukene kutoka Majanji, wale dagaa wa kwetu, na huacha simu kwangu akiingia sokoni. Siku hiyo mvua ilimrudisha, akakaa kwenye benchi langu na beseni lake miguuni. Mimi nilikuwa nimefungua zile sehemu za Arlong kwenye kompyuta ili niwaonyeshe vijana wa boda jambo fulani. Anime haijui, Kijapani hajui, na maandishi ya chini ni ya Kiingereza, kwa hiyo nikawa namtafsiria kwa Kiswahili huku mvua ikipiga mabati.

Nikamwambia: huyu mwenye pua ya msumeno ni papa-mtu. Ameshuka kisiwani na watu wake, anawatangazia wanakijiji kwamba kuanzia leo wananunua uhai wao kila mwezi. Mtu mzima, beri laki moja. Mtoto, elfu hamsini. Asiyenazo anauawa.

Mama akatikisa kichwa. "Angalau watoto amewapunguzia," akasema.

Hakuwa anatania. Ndiyo maana nikasimamisha video. Kwa muda wote niliowahi kuitazama ile sehemu, sikuwahi kusikia jinsi lile punguzo linavyofanya kazi. Arlong hajapaza sauti. Amekuja na bei mbili, ya mkubwa na ya mdogo, kama nauli ya basi, na palepale wewe mwenyewe umeanza kupiga hesabu ndani ya bei zake. Hujauliza tena ni nani aliyempa kisiwa. Unauliza kama kuna nafuu.

Nikaendelea. Kuna nyumba moja iko mbali na kijiji, na wale maharamia wangeondoka bila kuiona kama si moshi wa jikoni. Humo anaishi Bell-mère, aliyekuwa askari wa majini, analima machenza, na analea wasichana wawili aliowatoa vitani, Nojiko na Nami. Hakuwazaa. Hata kwenye daftari la kijiji si watoto wake. Fedha zote za nyumba, ukitikisa kila chungu, ni laki moja.

Laki moja ni bei ya mtu mzima. Angelipa, akanyamaza kuhusu watoto, akawatorosha, na kijiji kizima kilikuwa tayari kumsaidia kusema uongo huo. Laki moja pia ni elfu hamsini mara mbili.

Nilipofika hapo mama wa mukene alishanitangulia. "Amewalipia watoto," akasema. Hakuuliza. Akavuta beseni lake karibu kidogo, ingawa mvua haikuwa inalifikia.

Bell-mère akapigwa risasi mbele yao kwa sababu bei ilikuwa haijatimia kwake. Arlong akaweka laki moja mfukoni, kwa haki, kama alivyotangaza. Hapo ndipo anapoonyesha nguvu zake, jamani, sio kwenye meno anayoyang'oa na kung'atia watu kwa mikono yakaota mengine. Amejenga hesabu ambayo kila jibu lake ni lake.

Na anaendelea hivyo hivyo. Anamchukua Nami mdogo kwa kuwa anajua kuchora ramani za bahari, anamwahidi kwamba akileta beri milioni 100 atamuuzia kijiji chake. Msichana anaiba kwa maharamia wengine miaka minane, anachukiwa, anafukia fedha chini ya michenza. Anapokaribia kutimiza, anakuja afisa wa jeshi la majini mwenye sharubu za panya, anazichukua zote kwa madai kwamba ni mali ya wizi. Arlong hajavunja ahadi. Yeye anajisifu kwamba mambo ya pesa hajawahi kumdanganya mtu. Mikono misafi, na kicheko juu yake.

Baba yangu alikuwa mvuvi. Nikiwa mdogo alikuwa akija mtu pale mwaloni na daftari la shule, lile la kurasa 48, anaandika kila mtumbwi na kiasi. Risiti hakuwa nayo, ila mwandiko wake ulikuwa mzuri sana. Hakuwahi kumpiga baba. Alikuwa akimsalimia, "Mzee, habari za ziwa?", na baba alikuwa akiitikia, "Nzuri, mwanangu," huku akihesabu. Sijui kama mtanielewa nikisema kwamba nimetazama joka la Kaido mara nyingi bila kutikisika, lakini yule mtu na daftari lake bado nikimkumbuka natazama mlango.

Mwalimu mmoja wa msingi, ambaye hununua anime "kwa ajili ya watoto wake", alinipinga, na hoja yake ina uzito. Alisema nimemhukumu Arlong kabla ya kusoma habari za Kisiwa cha Watu-Samaki, ambako Oda anarudi nyuma kuonyesha jinsi watu-samaki walivyouzwa na kufanywa watumwa na binadamu, na jinsi kiongozi wao Fisher Tiger alivyokufa kwa kukataa kutiwa damu ya binadamu. Arlong alikuwa pale. Je, huyo si mtu aliyeumizwa?

Ameumizwa. Na mimi nadhani hilo ndilo linaloongeza mvuto wake, maana hakuokota ubaya barabarani. Alifundishwa bei ya kiumbe na watu waliokuwa wanauza viumbe, akajifunza vizuri, akaja kufungua tawi lake kwa watu ambao hawakuwahi hata kumwona mtu-samaki. Lakini Mwalimu akitaka nimsamehe, namrudisha kwa Nami mwenyewe. Jinbe, mtu-samaki aliyewahi kuwa kundi moja na Arlong, alipomwomba radhi, Nami alijibu kwamba anamchukia Arlong, si watu-samaki wote. Aliyekuwa anadai ni yeye, na akaandika deni kwa jina moja tu. Mwalimu aliguna, akalipia flashi yake.

Lile jambo nililotaka kuwaonyesha vijana wa boda lilikuwa hili. Kwenye pambano la mwisho Luffy na Arlong wanaingia katika chumba alichofungiwa Nami kuchora. Ramani zimejaa mpaka kwenye dari. Luffy anaokota kalamu, anaiona imekauka damu. Arlong anaeleza kwa fahari jinsi atakavyoendelea kumtumia yule msichana, atampa chakula na nguo, achore tu. Kisha Luffy anafanya kitu ambacho wapenzi wa ngumi hukiruka: anamwacha adui aliye mbele yake, anaanza kupiga meza. Anatupa madawati dirishani, makabati, ramani zinapeperuka, na Arlong anapiga kelele aache. Ndipo jengo zima linaangushwa.

Nikawauliza: Kaido alipigwa wapi? Wakasema, angani. Nikawauliza: na huyu alipigwa wapi? Mmoja akasema, "Ofisini." Wakacheka wote, lakini yule aliyesema hakucheka sana, maana kila asubuhi ana mtu wa kumlipia pikipiki aliyokodishiwa, na hesabu yake ya siku hailali.

Sijawageuza. Boksi bado lina Kaido juu kabisa, na mtu amemchorea pembe.

Mama wa mukene alirudi Ijumaa. Aliweka simu yake juu ya meza, akatoa shilingi mia tano, akasema nimwekee ile ya yule wa msumeno, yote, mpaka anapopigwa. Ila nimtolee pale kwa yule mama. Nikamwambia sijui kukata video. Akafikiri kidogo, akasema basi niweke hivyo hivyo, pale atafumba macho.