Mazabodi ya kompyuta ya filamu, sebuleni Wete

Ndugu yangu, kati ya mazabodi (bodi kuu za kompyuta) mbili ulizoonyeshwa, ya prosesa ya Intel J4125 na ya Intel N100, chukua ya N100 hata ikizidi bei kidogo. Zote hazili umeme mwingi (N100 wati 6, J4125 wati 10), lakini chipu ya picha ya J4125 haifungui video za AV1, yaani mfumo mpya wa kubana video. Kazi yote huangukia prosesa, na picha ya 4K hukatakata.

Kabla hujalipa, hakikisha tundu la HDMI, la kuunganisha televisheni, ni 2.0 au zaidi. La 1.4 huishia fremu 30 kwa sekunde kwenye 4K. Hata mshale wa mausi utauona unajikokota.

Ukipata yenye tundu la volti 19, kama ASRock N100DC-ITX, bora zaidi: inatumia chaja ya laptopu ya volti hizo. Ramu kipande kimoja cha GB 8 kinatosha, maana N100 ina chaneli (njia) moja tu ya ramu. Ila uliza kwanza kama inataka ramu ndefu ya kompyuta ya mezani au fupi ya laptopu. Hapo watu hununua mara mbili.

Feni usiweke. Kwa kisiwani Pemba huvuta hewa ya chumvi, nayo hula miguu ya soketi. Tafuta kasha lenye matundu juu, uliweke mbali na dirisha.