Mafuta ya mnanaa: yawekwe na dawa, si na marashi

Katika nyumba nyingi za hapa Dar es Salaam, kichupa cha mafuta ya mnanaa huwekwa juu ya meza ya kujipambia, kando ya marashi na udi. Kwangu hukaa na dawa. Mafuta haya hupatikana kwa kupitisha mvuke kwenye majani mengi ya mnanaa, na mentholi, yaani kemikali inayoleta ule ubaridi wa mnanaa, peke yake kwa kawaida huwa kati ya asilimia 30 na 55 ya yaliyomo. Anayetaka chai ya mnanaa atumie majani. Kudondoshea mafuta haya kwenye kikombe ni jambo ambalo siliruhusu nyumbani kwangu.

Sipaki mafuta haya yakiwa matupu. Huchanganya matone 3 katika kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya nazi, na mtu anayeyatumia kwa mara ya kwanza humpaka kidogo upande wa ndani wa mkono, kisha tukasubiri hadi kesho yake. Ubaridi unaosikika si kupoa kwa ngozi, bali ni mentholi inayoamsha mishipa ya fahamu inayotambua baridi, na ndiyo maana kuongeza matone kunaongeza muwasho bila kuongeza nafuu. Ngozi ikianza kuchoma, futa kwanza kwa mafuta ya kupikia, ndipo uoshe kwa sabuni, kwa kuwa mafuta haya hayachanganyiki na maji. Yakiingia machoni, suuza kwa maji safi mengi, kwa muda wa dakika 15 hivi, kisha umwone daktari.

Kwa watoto sina mjadala. Aliye chini ya miaka 2 asipakwe kabisa, na hasa asisogezewe puani wala kifuani hata akiwa na mafua makali, kwa sababu mentholi inaweza kuibana njia yake ya hewa ghafla. Tena katika maeneo yetu ya malaria wapo wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, kinachokinga chembe nyekundu za damu, na kwa mtoto mchanga wa namna hiyo mentholi inaweza kuzidisha umanjano wa ngozi na macho. Najua kina bibi watanuna.

Wanaopenda kujifukiza watie tone 1 tu kwenye bakuli, wafumbe macho, na watoto wakae mbali na maji ya moto. Mwenye paka asiyafukize ndani ya chumba kilichofungwa, kwani ini la paka hushindwa kuyashughulikia.

Kuhusu kuyahifadhi, maadui ni mwanga, joto na hewa. Chupa iwe ya kioo cha rangi ya kahawia, ifungwe barabara kila mara, isikae dirishani, wala ndani ya gari, wala karibu na jiko, maana mvuke wake hushika moto. Yangu yamo katika kabati la juu lenye kufuli, na tarehe niliyoyafungua imeandikwa kwenye lebo. Usiyahamishie kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji: harufu yake ni ya pipi, na mtoto hataanza kwa kusoma maandishi. Akiyameza, msimtapishe, kwa sababu yanaweza kuingia mapafuni. Mkimbizeni hospitali pamoja na kichupa chenyewe, ili mhudumu aone ni mafuta gani na akadirie kiasi kilichopungua.