Maswali ya Wasomaji: Data za Wateja Zikivuja, Bima Italipa?

SWALI: Habari za kazi kaka. Mimi nina kaduka kangu nauza mtandaoni, tuko watu watatu tu, lakini nikihesabu wateja walioko kwenye komputa, majina, namba za simu, mahali wanapokaa, wanafika kama elfu mbili hivi. Sasa kuna ajenti amenijia ananiambia nikate bima ya saiba, eti ya mambo ya udukuzi na data kuvuja, na mimi tayari duka nimelikatia bima ya moto na wizi. Si ndo kulipia kitu kimoja mara mbili? Halafu kweli mdukuzi ahangaike na mtu mdogo kama mimi? – Mama Duka

JIBU: Mama Duka, nianze na hilo la mwisho maana ndo linawaponza wengi. Mdukuzi wala hakujui, ana programu inazunguka mtandaoni usiku na mchana inajaribu milango, ikikuta uliosahauliwa wazi inaingia. Na wengine wanamtaka mdogo makusudi ili wapitie kwake waende kwa mkubwa. Mwaka 2013 maduka ya Target kule Marekani yaliibiwa data za kadi za benki kama milioni 40, na wezi waliingia kwa paswedi za kampuni iliyokuwa inawahudumia mitambo ya ubaridi. Fundi friji, fikiria!

Kuhusu bima uliyonayo, itoe kabatini uisome. Mwizi akibeba komputa utalipwa komputa, lakini orodha ya wateja iliyokuwa ndani yake, bima nyingi za aina hiyo haziihesabu kama mali, na siku hizi nyingi zinaandika wazi kabisa kwamba mambo ya data hayamo. Kwa hiyo hapana, si kitu kimoja.

Bima ya saiba yenyewe kwanza inabeba hasara zako: mtaalamu wa kuchunguza waliingiaje, kurudisha mafaili, kuwaarifu wateja, na mapato uliyokosa biashara ikisimama (hapo uliza vizuri, nyingi hazianzi kuhesabu mpaka yapite masaa kama 8 au 12, duka lako likizima asubuhi likawaka mchana hupati kitu). Halafu inabeba madai ya wengine, yaani mteja akikushtaki, gharama za wakili na fidia. Faini za serikali usizihesabu sana, kuna nchi sheria hairuhusu kabisa bima ikulipie.

Ila mimi nikikaa na wenye biashara ninachogombana nao ni fomu. Unapewa fomu ina maswali, bekap (nakala ya akiba ya mafaili) unayo, uthibitisho wa hatua mbili (yaani paswedi halafu namba ya siri inayokuja kwenye simu) umewasha kwenye imeili zote, na wewe una haraka au ajenti anakuambia weka tiki tu mama tumalize, unaweka ndiyo, ndiyo, ndiyo. Ile tiki ndo itakuja kukuhukumu. Mwaka 2022 kampuni ya bima ya Travelers ilimpeleka mahakamani mteja wake aliyekuwa ameshambuliwa na virusi vya kufunga mafaili, ikadai kwenye fomu alisema anatumia uthibitisho wa hatua mbili kumbe haukuwepo kila mahali alipodai. Mwisho wakakubaliana ile bima ifutwe kama haikuwahi kuwepo. Ukiulizwa kitu hukijui, mwite anayekutengenezea komputa akae pembeni yako mjaze wote, na kama jibu ni hapana andika hapana, hata kama premiamu, yaani hela unayolipia bima, itapanda kidogo.

Kitu kingine, mtu akijifanya sapulaya wako akakutumia imeili ya akaunti mpya ya benki nawe ukatuma hela, wizi huo kwenye bima nyingi hauhesabiwi kama udukuzi, unaweza kuwa haumo au una kikomo chake kidogo peke yake. Muulize ajenti, tena akuonyeshe palipoandikwa.

Na siku likitokea, kampuni ya bima ipigie kwanza, kabla hujalipa mdukuzi anayedai hela ili akufungulie mafaili na kabla hujafuta komputa. Ukiajiri wakili au fundi wako bila wao kukubali wanaweza kukataa kumlipa, na ukifuta komputa umefuta ushahidi. Tena jua sheria ya kwako inakupa muda gani wa kutoa taarifa, Ulaya kwa mfano mamlaka ya kulinda data inatakiwa ijue ndani ya masaa 72, na hayo yanaanza pale unapogundua.

SWALI: Mimi data zangu zote ziko kwenye seva ya kukodi, yaani komputa ya kampuni nyingine huko mtandaoni, zikivuja si mzigo wao? – Msomaji

JIBU: Wateja walikupa wewe namba zao, ndugu yangu, hiyo kampuni ya seva hata hawaijui. Kwa kawaida wa kuwajibu ni wewe kwanza, baadaye ndo umgeukie mwenye seva, na mkataba uliobonyeza "nakubali" bila kuusoma mara nyingi umeweka kikomo cha anachoweza kukulipa. Ukikata bima, hakikisha inasema pia kuhusu seva ya kukodi ikizima au ikidukuliwa.