Sekunde ya Ngapi?

Wadogo zangu mnaoanza somo la filamu mwaka huu, kitakachokutoeni jasho si kamera. Kamera mtaizoea kwa wiki mbili. Jasho litakutokeni siku mtakapoambiwa mwandike tathmini ya ufunguzi wenu wa filamu ya taharuki, ule wa dakika mbili mliouhangaikia vichochoroni siku nne na kuuhariri usiku kucha, halafu mkae mbele ya karatasi mkute hamna la kusema zaidi ya "filamu yetu inasisimua".

Mie niliandika kurasa sita za namna hiyo. Mwalimu alinirudishia na wino mwekundu pembeni, maneno yaleyale karibu kila aya: "Sekunde ya ngapi?" Nilipoandika kuwa tumejenga taharuki kwa mwanga hafifu, sekunde ya ngapi? Nilipoandika kuwa mtazamaji anaingiwa na khofu, sekunde ya ngapi, tena mtazamaji yupi? Siku ile nilimsema sana barazani. Sasa nikipewa kusoma kazi za wanaokuja nyuma yangu, nawaandikia swali hilohilo.

Zoezi lenyewe tumeliazima. Kwenye mitaala ya Uingereza ya somo la vyombo vya habari, mwanafunzi alianza na jaribio dogo: mtu anafungua mlango, anavuka chumba, anakaa kwenye kiti mkabala na mwenzake, wanasemezana maneno mawili matatu. Baada ya hapo ndipo alipotengeneza ufunguzi wa filamu mpya, usiozidi dakika mbili, pamoja na majina ya waigizaji na watengenezaji. Mwisho akajibu maswali ya tathmini. Jaribio la mlango watu hulidharau. Sisi tulilimaliza kwa nusu saa tukaenda zetu kunywa urojo, na dharau hiyo ilikuja kutugharimu, kama mtakavyoona.

Hadithi yetu tuliiweka kwenye kile kipindi cha giza, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja ilipokaa kama miezi mitatu bila umeme wa gridi. Kijana anatumwa kupeleka kifurushi kwenye nyumba asiyoijua, mtaa wa Kiponda, Mji Mkongwe, magharibi inaingia. Anapiga hodi, haitikiwi. Anageuka kuondoka, na nyuma ya mgongo wake komeo linafunguka kutoka ndani. Giza, jina la filamu. Kwenye karatasi ilikuwa tamu kweli.

Sasa nikwambieni namna ya kuitazamisha kabla hamjaandika hata mstari mmoja. Tafuteni watu watatu ambao hawamo darasani mwenu. Msiwaelezee hadithi. Isimamisheni filamu kwenye sekunde ya 30, ya 60 na ya 90, na kila mara ulizeni swali moja tu: unadhani kitatokea nini sasa? Kisha nyamazeni mwandike anachosema, kwa maneno yake. Msiulize "umeipenda?" Kwetu hapa hakuna atakayekwambia kazi yako mbaya ukiwa umekaa naye ubavuni. Atasema nzuri, mashaallah, akuombee dua, na wewe utakwenda kuandika kuwa watazamaji wote waliipenda. Jibu hilo halina faida kwenu. Taharuki ni swali lililomkaa mtu kichwani, kwa hiyo tathmini ni kutafuta kama swali lilizaliwa, lilizaliwa lini, na lilikuwa ndilo mlilolitaka nyinyi.

Mie nilimkalisha bibi yangu, jirani mmoja fundi baskeli, na mtoto wa skuli wa darasa la sita.

Sekunde ya 30, kijana yupo kichochoroni anatembea haraka. Bibi akasema: "Kasahau kitu, anarudi kwao." Nikashangaa. Nikarudisha nyuma. Kumbe kwenye picha ya kwanza kijana anakwenda kutoka kushoto kuelekea kulia, na kwenye picha ya pili anatoka kulia kwenda kushoto, kwa sababu mpiga picha wetu alihamia upande wa pili wa njia kukwepa gari ya maji. Huo ndio mstari unaosomeshwa kwenye jaribio la mlango: kamera ikishachagua upande mmoja wa mwendo au wa mazungumzo, ibaki upande huo, la sivyo mtu huonekana amegeuka. Mjini penye barabara kubwa na alama zake, mtazamaji anaweza kujisaidia. Mji Mkongwe hasaidiki. Kuta zinafanana, kila kichochoro ndugu wa mwenzake, na kitu pekee kinachomwambia huyu mtu anakwenda wapi ni upande anaoelekea. Kwa hiyo nusu dakika nzima ya filamu yangu ya khofu ilikuwa, kwa bibi, hadithi ya kijana msahaulifu.

Hilo ndilo la kuandika kwenye tathmini. Kwamba picha ya sekunde ya 11 na ya sekunde ya 17 zilivunja mstari, kwa sababu hii, mtazamaji akaelewa hivi, na dawa yake ingekuwa kuweka kati yao picha ya kijana akija moja kwa moja kwenye kamera, ambayo haina kushoto wala kulia. Aya moja ya aina hii ina uzito kuliko kurasa zangu sita.

Sekunde ya 60, zamu ya fundi baskeli. Tuliingiza hapo picha ya ndani ya nyumba: mkono wa mtu unapunguza utambi wa kandili. Akauliza: "Umeme si umekatika? Mbona feni inazunguka?" Kweli, pembeni juu kabisa kuna kivuli cha panga la feni kinapita ukutani. Watu wanne tulikuwa chumbani siku ile na hakuna aliyeliona, maana joto lilikuwa kali na feni ilikuwa rafiki yetu. Tena akaongeza, huku anacheka, kuwa kipindi kile hakikuwa kimya namna hiyo. Mwenye uwezo alikuwa na jenereta, na ukipita njiani usiku ulisikia muungurumo mlango hadi mlango. Sisi tulikuwa tumekesha tukisafisha sauti ipate ukimya "wa kutisha". Angekuwepo mmoja wetu aliyemuuliza mzazi wake kabla, tungepata sauti ya bure na ya kweli: jenereta la mbali linazimika ghafla, na hapo ndipo ukimya unaingia. Ukimya unaokuja baada ya kelele mtu anausikia. Ule unaokuwepo tangu mwanzo hauhisi hata kidogo.

Kuhusu sauti nitasema jengine moja tu. Mkishamaliza kupiga picha mahali, nyamazeni wote mrekodi nusu dakika ya mahali penyewe, kunguru na vespa na yote. Mtaihitaji kuzibia viraka.

Kwenye sekunde ya 75 mpaka 90 ndipo nilipokuwa na uhakika. Tulimpitisha mtu mwenye buibui, uso haonekani, nyuma ya kijana, polepole. Nikamtazama mtoto wa darasa la sita nikitegemea atajikunyata. Akasema, "Yule mama anakwenda wapi?" Bibi akamjibu badala yangu: "Anakwenda msibani, au kwa jirani. Kwani mwanamke akitoka magharibi ana nini?" Halafu akanitazama mie. Sikuwa na jibu, nikajifanya natengeneza waya.

Nilikuwa nimebeba alama ya khofu kutoka filamu za kwao watu, mtu aliyejifunika asiyeonekana sura, nikaibandika kwenye vazi ambalo bibi yangu mwenyewe analivaa. Kundi jengine la darasa letu walifanya kinyume, wakamvisha muuaji wao jaketi la kofia, mwezi wa pili, watu wanatiririka jasho. Darasa zima lilicheka. Maswali ya tathmini huwa na moja linalouliza filamu yenu imeyaonyesha vipi makundi ya watu katika jamii, na wengi hulijibu kwa mstari mmoja: "mhusika wetu ni kijana wa kiume wa miaka 18". Lijibuni kwa dhati. Nani mmemfanya wa kuogopwa, na kwa nini yeye? Mngemwonyesha mwenye vazi hilo filamu yenu mkiwa mmekaa naye? Mie nilipoandika upya, suala hili peke yake lilichukua ukurasa mzima na mwalimu hakuweka wino hata pahala pamoja.

Wala hatuhitaji kuazima. Mwaka 1995 Pemba, kisha Unguja, watu walilala nje kwa makundi wakimwogopa shetani waliyemwita Popobawa, na nyumba nzuri zenye vitanda zikabaki tupu. Khofu ile ilienda kwa maneno, mlango kwa mlango, bila ya yeyote kuonyeshwa picha. Mkitathmini, hesabuni mmeonyesha kiasi gani. Sisi tulionyesha sana.

Nirudi kwenye mlango. Komeo letu linafunguka kwa kishindo kwenye sekunde ya 108. Wote watatu walishtuka, bibi mpaka akasema "Yallah!" Nikafurahi nikaandika: taharuki imefanikiwa. Mwalimu akaniuliza kama najua tofauti ya kushtua na kutaharukisha. Muongozaji Alfred Hitchcock alikuwa na mfano wake maarufu wa bomu chini ya meza: likilipuka bila mtazamaji kujua lipo, amepata mshtuko wa sekunde 15, akijua lipo huku waliokaa mezani hawajui wanapiga soga, amepata taharuki ya dakika 15. Nikarudi kwenye karatasi zangu za majibu. Kwenye sekunde ya 90, nilipowauliza kitatokea nini, mmoja alisema "atarudi nyumbani", mmoja "sijui", na bibi alikuwa bado na lile la buibui. Hakuna aliyekuwa akiungojea mlango. Yaani tulikuwa na dakika moja na nusu ya kutembea na sekunde moja ya kishindo.

Na dawa ilikuwa mikononi mwetu. Milango yetu ya Mji Mkongwe ina misumari ya shaba, minyororo na makomeo mazito. Ni mwigizaji wa bure. Tungeanza na mkono wa ndani unalegeza komeo taratibu na kuliacha nusu, sekunde ya 20, kabla kijana hajafika. Kuanzia hapo kila hatua yake ingekuwa na uzito, hata ya kusimama kufunga kiatu. Picha hiyo tulikuwa nayo! Tuliipiga, kisha tukaikata kwa kuwa ilikuwa "inachelewesha". Vibaya zaidi, picha yetu pekee ya karibu ya komeo tuliiandikia juu yake majina ya watengenezaji, kwa herufi nyekundu zinazochuruzika. Watu wakasoma majina, hawakuliona komeo.

Upande wa mitambo msiandike orodha ya vifaa. Sisi tulipiga kwa simu, na mwalimu anajua simu ni nini. Andikeni kilichokufundisheni. Kwa mfano, taa ya ndani kwenye picha zetu ilikuwa inapepesa, mistari inapanda na kushuka, tukadhani simu mbovu. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa za aina nyingi huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, na simu ilikuwa imejichagulia kasi ya shata, yaani muda wa kupokea mwanga kwa kila picha, isiyoendana nao. Ukiiweka kwenye 1/50 au 1/100 ya sekunde tatizo linaondoka. Jengine ni magharibi: kwetu jua likishazama, una kama dakika 20 za ule mwanga wa buluu, basi. Tulipanga picha saba ndani ya dakika hizo. Tulipata tatu, nne zilizobaki tulizipiga siku ya pili, mbingu ikiwa na mawingu, na inajulikana wazi kwenye sekunde ya 40.

Jaribio jengine rahisi: itazameni filamu kwenye simu, barazani, saa sita mchana. Huko ndiko watu wengi watakakoitazama mkiwatumia. Yetu ilikuwa giza tupu, ukijiona sura yako mwenyewe kwenye kioo. Hilo linakusaidieni pia kwenye swali la nani angeisambaza. Msiandike Hollywood. Tuna tamasha letu la filamu la kimataifa, ZIFF, lina zaidi ya miaka 20, na filamu huonyeshwa usiku Ngome Kongwe kwenye kioo kikubwa. Kuna simu za watu. Na kuna Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, wakaguzi wa filamu, ambalo lazima mlifikirie kabla ya kuota mbali. Elezeni filamu yenu ingekaa wapi kati ya hayo na kwa nini, inatosha.

La mwisho, msifute picha mbichi mpaka matokeo yatoke. Nilipotaka kuambatisha ile picha ya mkono na komeo kama ushahidi kwenye tathmini ya pili, niliitafuta kila mahali. Tulikuwa tumeifuta wiki ile ile ili simu ipate nafasi ya video ya arusi ya binamu yangu.