Kufufua saa ya mzamiaji wa jeshi iliyoliwa na kutu

Kabla hujashika bisibisi, igeuze saa utazame mgongo wake. Ile iliyonifikia mimi ni Omega Seamaster 300 iliyotengenezwa kwa ajili ya Jeshi la Wanamaji la Uingereza, nayo ilikuwa imesimama, kioo kimepasuka na kutu ya kahawia imetanda hadi chini ya akrabu. Hata hivyo, mgongoni ulikuwa bado unasomeka mshale mpana wa mali ya serikali, namba 0552/923-7697 na tarakimu 67, yaani mwaka 1967. Hizo 0552 ndizo zinazoeleza kwamba saa ilitolewa kwa wanamaji. Maandishi hayo hayana kina kirefu, na gurudumu la kung'arishia likipita juu yake mara chache tu hayarudi tena. Ndiyo maana niliamua tangu siku ya kwanza kwamba kasha halitapigwa msasa, na nakusihi nawe uamue hivyo, hata mikwaruzo ikikuudhi.

Usoni kuna herufi T ndani ya duara. Maana yake ni kwamba alama zinazong'aa gizani zilipakwa tritiamu, kemikali yenye mionzi ambayo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12.3, kwa hiyo ya mwaka 1967 imebaki kidogo sana. Saa za kabla ya miaka ya 1960 ni habari nyingine, kwa sababu nyingi zina radiamu, ambayo nayo ina mionzi lakini huchukua takriban miaka 1,600 kupungua kwa nusu. Usidanganyike kwa kuwa haziwaki tena: kilichochoka ni unga uliokuwa ukitoa mwanga, na radiamu yenyewe ingalipo. Usiukwangue unga huo wala kuupuliza, na kama hujui saa yako imepakwa nini, mpelekee fundi mwenye kifaa cha kupimia mionzi kabla hujaifungua.

Sasa kutu. Adui mkubwa ni chumvi ya bahari, kwa kuwa hubaki ndani hata maji yakikauka na huendelea kula chuma polepole. Kama maji yameingia leo, saa ifunguliwe leo. Kuifukia ndani ya mchele hakuondoi chumvi hata chembe. Yangu ilikuwa imechelewa kwa miaka mingi. Ufito wa kutilia ufunguo ulikuwa umeshikana na bomba lake, nami nikauvuta kwa nguvu nikidhani utaachia. Ulikatika. Nilipaswa kuudondoshea mafuta ya kulainisha kutu, nikasubiri siku kadhaa, nikaongeza tena, huku nikiuzungusha kwa upole huku na huku bila kuuvuta.

Skrubu tatu nazo zilikatikia ndani ya sahani kuu ya mashine. Hapa ndipo shabu iliponiokoa, ile ile inayouzwa kama mawe meupe. Sahani ni ya shaba nyeupe au ya njano, skrubu ni za chuma. Ukiitumbukiza sahani katika maji ya moto yaliyokolezwa shabu, chuma huyeyuka taratibu na shaba husalimika. Chini ya lenzi nilikuwa nikiona mapovu madogo kama vichwa vya sindano yakipanda kutoka kwenye kila tundu, na kufikia kesho yake mabaki ya skrubu yalikuwa tope jeusi linalotoka kwa kijiti cha mbao. Lakini ng'oa kwanza kila kipande cha chuma unachokihitaji. Mimi nilisahau pini moja nyembamba kuliko unywele mnene, nayo ikaliwa pamoja na skrubu. Kuichonga upya kulinichukua muda mrefu kuliko kazi nyingine yoyote katika saa hii.

Vipuri havikuwa tatizo kubwa. Mashine iliyomo ni ya aina (mafundi huiita kalibre) 552, inayojijaza yenyewe kwa mwendo wa mkono, na vipande vyake vingi vinaingiliana na vya kalibre 550 na 551, ambazo zilifungwa katika saa nyingi za kiraia. Nilinunua mashine kuukuu nikatoa humo kamani, ufito na magurudumu mawili ya meno. Ilipooshwa na kutiwa mafuta, ilianza kupiga mapigo yake 19,800 kwa saa, na nakiri kwamba nilikaa nikiisikiliza kwa muda mrefu.

Akrabu nilizisafisha kwa kijiti cha mbao laini na mafuta kidogo, bila kuzipaka rangi mpya. Uso wa saa sikuugusa kabisa, ingawa una doa la maji na rangi imefura pembeni yake. Uso uliopakwa upya hung'aa, lakini herufi huwa nene, duara la T hukaa upande, na kilichobaki cha mwaka 1967 huwa kimefunikwa.

Mwisho nilibadilisha mipira yote ya kuzuia maji na kuweka kioo kipya cha plastiki, kisha nikampa fundi aipime kwa shinikizo la hewa, kwa sababu kipimo hicho huonyesha uvujaji bila saa kuguswa na tone la maji. Ilifaulu. Hata hivyo siizamishi tena, kwani upande wa ndani wa kifuniko cha mgongoni umechimbika pale mpira unapokalia, na kuusawazisha kungenilazimu kukata chuma cha kifuniko hicho chenye zile namba.