Ten Hag na mechi asizojua kuziua

Wakuu, heshima kwenu. Mleta uzi kauliza maswali mawili: Erik ten Hag, kocha Mholanzi aliyepita Ajax na Manchester United, kafeli wapi hasa, na baada ya Leverkusen ya Ujerumani kumtimua Septemba 1, 2025 akiwa na mechi mbili tu za ligi, kuna klabu kubwa itakayomgusa tena? Nimesoma michango yote na naona mmegawanyika kambi mbili. Kuna wanaosema ni kocha wa Uholanzi tu aliyebahatisha pale Ajax, na kuna wanaosema United inaua kila kocha, hivyo mzee wa watu hana kosa. Mimi sipo kambi yoyote. Nitaandika kirefu, mwenye haraka apite.

Mimi ni United tangu Roy Keane akiwa nahodha. Zaidi ya hapo, nimekaa miaka kadhaa kwenye benchi la timu moja ya ndondo huku Temeke, kwanza nikiwa msaidizi, baadaye nikaachiwa timu. Leseni sina. Ila ninachotaka kusema kuhusu Ten Hag nimekielewa nikiwa benchi, kibanda umiza kimenisaidia kukithibitisha tu.

Tuanze na mechi iliyomfukuzisha. Agosti 30, 2025, Leverkusen wapo ugenini kwa Werder Bremen. Wanaongoza 3-1, Bremen wamebaki kumi uwanjani, imebaki karibu nusu saa. Mechi imeisha 3-3, bao la kusawazisha limeingia dakika za nyongeza. Watu wameshangaa. Shabiki wa United aliyeshangaa sijui alikuwa anaangalia nini misimu miwili na ushee.

Rudini nyuma mpaka Mei 2019, Amsterdam. Ajax ya Ten Hag, ile ya De Jong na De Ligt, imeshatoa Real Madrid na Juventus. Nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya wamemfunga Tottenham 1-0 kwao London, na nyumbani mpaka mapumziko wapo mbele 2-0. Jumla 3-0, zimebaki dakika 45 waende fainali. Lucas Moura wa Tottenham akafunga matatu, la mwisho dakika ya 96. Novemba mwaka huohuo wakaenda Stamford Bridge, wakaongoza 4-1, wakarudi na 4-4. Hapo nampunguzia adhabu kidogo kwa sababu mabeki wake wawili, Blind na Veltman, walilimwa nyekundu karibu kwa pamoja. Lakini endelea kuhesabu. Aprili 2023, United 2-0 dhidi ya Sevilla pale Old Trafford, zikaisha 2-2 kwa mabao mawili ya kujifunga, na marudiano wakapigwa 3-0. Novemba 2023, Copenhagen: tunaongoza 2-0, Rashford anapewa nyekundu, wanarudisha, tunaongoza tena 3-2, tunakufa 4-3. Mwezi huohuo, Galatasaray: 2-0, halafu 3-1, halafu 3-3. Tukamaliza mkiani mwa kundi letu la Ligi ya Mabingwa.

Ya Chelsea, Aprili 2024, niliitazama kwenye kibanda cha jirani yangu. Tulikuwa nyuma 2-0, tukageuza ikawa 3-2, dakika 90 zimeisha, kuna jamaa ameshasimama anatutukana sisi wote tuliokata tamaa mapema. Palmer wa Chelsea akasawazisha kwa penalti dakika ya kumi ya nyongeza. Nilidhani angalau sare tumepata. Dakika iliyofuata akapiga la nne. Mikeka ikachanika kibanda kizima, hata ya watu wa Chelsea waliobeti sare. Wiki chache baadaye ikaja nusu fainali ya Kombe la FA na Coventry, timu ya daraja la pili: 3-0 ikawa 3-3, na kama siyo VAR, marefa wa video, kukataa bao lao sekunde za mwisho za muda wa ziada kwa kuotea kwa unyoya, tusingefika hata kwenye matuta.

Wachezaji tofauti, nchi tofauti, ligi tofauti, miaka sita. Kitu pekee kisichobadilika hapo ni kocha. Ndiyo maana hoja ya majeruhi na akina Glazer, wamiliki wa United, hainishibishi. Ni kweli msimu wa 2023/24 mabeki Martinez na Shaw walikuwa hospitali zaidi kuliko uwanjani, na ni kweli klabu ilikuwa shaghalabaghala. Lakini Glazer hawakuwepo Amsterdam, na Bremen hakuna aliyekuwa ameumia kiasi cha kushindwa kulinda mabao mawili mbele ya watu kumi.

Sasa kwa nini? Ten Hag anataka washambuliaji wake wakabe juu kabisa, kila mtu na mtu wake. Ukiwa na mabeki wa kati wenye kasi wanaosogea nao hadi mstari wa kati, hiyo ni silaha. Pale United, Bruno na mawinga wanakimbilia kipa wa wenzao, mabeki kwa woga wa kukimbizwa wanabaki chini, na katikati viungo Casemiro na Mainoo wameachwa na kiwanja cha ndege peke yao. Mpinzani akivuka presha ya kwanza kwa pasi moja tu, anakuja kumtazama Onana, kipa wetu. Msimu ule tulikuwa miongoni mwa timu zilizopigiwa mashuti mengi kuliko karibu zote kwenye ligi, na tukamaliza nafasi ya nane tukiwa tumefungwa mabao mengi kuliko tuliyofunga. Na cha ajabu, akiongoza habadilishi. Dakika ya 80 mko mbele, timu inakaba kama dakika ya 10, ila mapafu ni ya dakika ya 80.

Kuua mechi kunafundishwa. Hapa ndipo watu wengi wasiokaa benchi wanadhani ni moyo au bahati. Kocha aliyenitangulia pale timuni alikuwa anatenga mazoezi ya Alhamisi kwa kitu hicho tu: tunaongoza bao moja, zimebaki dakika kumi na tano, wapinzani wameongezewa mtu. Mpira wa kurusha unakwenda wapi. Nani haruhusiwi kuvuka mstari wa kati. Nani analala chini, na nani anamsindikiza refa akamwangalie. Kipa anapiga mrefu upande upi, na nani yuko pale kuokota mpira wa pili. Wachezaji wanalichukia zoezi hilo kuliko kukimbia. Tulikuwa na winga mmoja, fundi kweli, ukimwambia peleka mpira kwenye kibendera cha kona ukae nao, ananuna mpaka Jumapili. Na mashabiki wa ndondo nao wanataka chenga na bao la nne, hawataki kona. Lakini ile timu ilikuwa ikitangulia, huipindui.

Kingine nilichojifunza ni kwamba timu ikirudishiwa bao moja, macho yote yanakuja benchi. Dakika mbili zile ndizo za kocha. Unashusha winga, unaingiza kiungo mkabaji, unawapa hata kazi ya kijinga ya kuwafanya wahisi kuna mpango. Mechi za Ten Hag, dakika mbili zile ndizo alizokuwa anapoteza. Nahodha wa Leverkusen, Andrich, baada ya Bremen alilalamika hadharani kwamba kila mtu alikuwa anacheza kivyake. Mchezaji akisema hivyo mbele ya kamera, anasema kwamba alitazama benchi na hakuona kitu.

Mtanirushia fainali ya FA ya 2024, na mna haki. Siku ile tuliongoza 2-0 dhidi ya Manchester City, Doku akarudisha moja dakika za mwisho, na tukaishikilia 2-1 mpaka filimbi. Lakini angalieni alivyopanga. Mshambuliaji Hojlund benchi, Bruno na McTominay mbele bila mshambuliaji halisi, Garnacho na Rashford pembeni wakisubiri kuchomoka, mabeki wamejazana chini. Alikubali kwamba City ni wakubwa kwake. Kumbe akikubali unyonge anaweza! Tatizo lake ni mechi anazoamini yeye ndiye mkubwa. Na klabu kama United, Ajax au Leverkusen ni kubwa kwenye mechi nyingi za msimu. Hilo kwangu ndilo jibu la swali la kwanza, mengine ni mapambo.

Naam, kuna usajili, siwezi kuupita. Klabu ilimwachia kocha achague kwenye rafu ya watu waliopita Ajax: Antony kwa pesa zinazokaribia euro milioni 100, Martinez, Onana, baadaye De Ligt na Mazraoui. Martinez sina neno naye. Ila wengine walionekana vile Amsterdam kwa sababu walikuwa ndani ya mfumo ambao nusu ya timu imeunyonya tangu akademi. Ukimtoa mmoja na kumpeleka Manchester, unanunua mchezaji, mfumo unabaki Uholanzi. Hapo sitamlaumu kocha peke yake. Kocha yeyote ukimpa kadi ya benki ataita watu anaowajua, hata mimi ningeita vijana wa Temeke. Wa kulaumiwa ni aliyempa kadi.

Mazuri yake tuyaseme pia, maana humu watu husahau. Alikuta kikosi kilichooza, akapigwa 4-0 na Brentford mechi ya pili tu, na bado mwisho wa msimu alimaliza wa tatu na Kombe la Carabao mkononi. Alimweka Ronaldo benchi wakati dunia nzima inampigia kelele. Makombe mawili kwa misimu miwili, tena baada ya ukame wa miaka sita. Kilichofuata 2024 ni aibu ya viongozi: watu wa Ratcliffe, mmiliki mwenza, walizungumza na makocha wengine, wakarudi kwake, wakamwongezea mkataba hadi 2026, wakasajili kwa karibu pauni milioni 200, kisha Oktoba 28 baada ya mechi tisa za ligi kibarua kikaota nyasi tukiwa nafasi ya 14. Na aliyemfuata, Amorim, akamaliza wa 15 kwa pointi 42. Wale mliosherehekea siku ile mpo?

Leverkusen nao wana lao. Wirtz, Frimpong, Xhaka, Tah, Hradecky, wote wameondoka kiangazi kimoja, halafu unamhukumu kocha kwa mechi mbili. Bodi ikifikia hapo, mechi ni kisingizio, ndani walishachokana tangu maandalizi ya msimu. Sitashangaa kama waligombana kuhusu kuuza na kununua, kwa sababu kule kazi hiyo ni ya mkurugenzi na siyo ya kocha.

Sasa mbele. Wiki ile anatimuliwa mlijaza utani kwamba United ni laana kwa makocha wake wa zamani, kwa kuwa ndani ya siku tano Besiktas wamemtimua Solskjaer, Fenerbahce wamemtimua Mourinho, na Leverkusen wakafunga hesabu, huku United yenyewe ikitolewa na Grimsby wa daraja la nne. Nimecheka na mimi. Ila laana haipo. Mourinho baada ya United alichukua Conference League na Roma. Van Gaal aliirudia Uholanzi na kuifikisha robo fainali ya Kombe la Dunia Qatar. Na Moyes, ambaye tulimfukuza Aprili 2014 akiwa na miezi kumi kwenye mkataba wa miaka sita, alifukuzwa tena na Real Sociedad, akashuka daraja na Sunderland mwaka 2017, watu wakamzika kabisa. Juni 2023 alikuwa Prague na West Ham wakibeba Conference League, na Januari 2025 akarudi Everton kwa heshima zote. Moyes hakurudi kwa kupewa klabu kubwa nyingine. Alikubali timu inayojijua kuwa ni ya kati, akafundisha kukaa nyuma na kupiga mipira iliyokufa, yaani kona na faulo.

Ten Hag alitimuliwa akiwa na miaka 55, kwa kocha huo ni ujana. Klabu za juu za Uingereza na Ujerumani sizioni zikimpigia simu karibuni. Timu ya taifa simshauri, maana yeye ni mtu wa mazoezi ya kila siku, ukimpa wachezaji siku kumi kila baada ya miezi miwili utamnyonga. Ninakomuona ni nyumbani: Twente, alikocheza na kuanzia ukocha, au Utrecht, ama uwanjani ama hata ofisini kwenye masuala ya ufundi, kwa sababu jicho la kulea vijana analo. Na akirudi benchi, atafute msaidizi mbishi wa ulinzi, mtu wa kumwambia dakika ya 75 "bosi, toa winga". Pale United wasaidizi wake, Van der Gaag na McClaren, waliondoka kiangazi cha 2024, wakaja Van Nistelrooy na Hake. Van Nistelrooy, mshambuliaji wetu wa zamani, kukaba mnamkumbuka wenyewe.

Na wewe uliyeandika kule juu kwamba Yanga au Simba wavunje benki wamchukue, kaka, tuwe wakweli. Kocha Gamondi aliipa Yanga ubingwa na robo fainali ya Afrika, na Novemba 2024 kufungwa mfululizo na Azam na Tabora United kulitosha akabidhiwe begi lake. Ten Hag aongoze 3-1 mbele ya watu kumi pale kwa Mkapa, zirudi zote? Mkutano na waandishi ataufanyia uwanja wa ndege.